Watoto wa Kibera

Wengi wenu mwaijua Nairobi kwa maghorofa yake. Leo twawapeleka mahali pengine. Ukitoka katikati ya mji na kuelekea kusini-magharibi, mwendo wa kilometa kama 5, wafika Kibera. Jina hili ni la Wanubi, askari wa zamani waliopewa makao hapo, na maana yake ni msitu. Sasa msitu hapana. Ni nyumba za udongo na mabati zilizobanana, na reli yapita kati yao.

Alfajiri tuliona watu wengi wakishika njia kwa miguu kwenda viwandani, na mama wenye watoto wachanga wamo. Kibarua hulipwa kwa siku. Asiyekwenda leo hana unga jioni. Basi mtoto huachwa kwa dada yake au kwa jirani, na pengine kabla ya kutimiza miezi 6 huanzishwa uji mwepesi. Uji ule hujaza tumbo wala haujengi mwili. Maji yake hununuliwa kwa mtungi, na yakiwa machafu huleta kuhara, nako kuhara humpokonya mtoto hata kile kidogo alichokula.

Jambo hili si geni. Mwaka 1935 daktari Cicely Williams, aliyetibu watoto wa Gold Coast, ambayo sasa ni Ghana, alieleza ugonjwa wa kuvimba miguu kwa watoto walishwao mahindi matupu. Waga wa Accra waliuita kwashiorkor, maradhi yampatayo mtoto azaliwapo mdogo wake. Mama wale walikuwa wamekwisha kuona chanzo chake: ziwa limeondoka, na chakula cha kufaa hakikuja.

Yafaa nini, basi? Mtoto anyonye tu hata miezi 6, kisha apewe uji mzito pamoja na maharagwe yaliyopondwa au omena iliyosagwa, na ziwa lisikome kabla ya miaka 2. Apimwe mkono kwa utepe: wa miezi 6 hata miaka 5 asiyefikia sentimeta 11.5 apelekwe kwa mganga siku ile ile.

Wala tusimlaumu mama aondokaye alfajiri. Hakumtupa mwanawe, amekwenda kumtafutia unga. Jirani anawaye mikono, akachemsha maji, akamlisha mtoto huyo kwa subira, amemwokoa pamoja na mamaye.