Bujora, alikohamia padri wa Kanada

Mzazi uliyeko Mwanza, Jumamosi moja waache watoto walale kidogo, kisha mpande daladala la Kisesa. Mkishuka, bodaboda itawafikisha Bujora, kilima chenye mawe makubwa kama yale ya jijini.

Hapo ndipo alipoishi Padri David Clement kutoka Kanada. Wenyeji walimwita Fumbuka. Alikuwa padri, ila kwa kazi zake mimi namhesabu msanii. Aliingiza nyimbo na ngoma za Kisukuma kanisani, na kanisa lenyewe lina umbo la nyumba ya mtemi. Mwaka 1968 ikafunguliwa Makumbusho ya Wasukuma. Banda la ngoma za watemi limejengwa kwa umbo la kiti cha enzi.

Nikiwa mwandishi wa afya, nilikaa zaidi kwenye habari za Bagika na Bagalu. Vikundi hivi hasimu vya ngoma chanzo chake ni waganga wawili waliokuwa wakishindana kwa dawa na kucheza. Mganga alipaswa kujua kucheza!

Jirani yangu, mtoto wa miaka kama tisa aliuliza ngoma inaitwaje Kisukuma. "Mwanangu, utamuuliza bibi," mama akajibu, akicheka kidogo. Fumbuka alivuka bahari akajifunza. Sisi tuna bibi Magu na simu mkononi.

Mkiweza nendeni Juni, msimu wa Bulabo. Bayeye hucheza na nyoka, kwa hiyo mwenye mtoto mwoga amshike mkono.