Maumivu Yasiyoonekana



Mtu akivunjika mguu, wote humhurumia. Lakini akisema mgongo unamwuma miaka na miaka, wala kidonda hakuna, watu huanza kunong'ona: "Huyu ni mvivu tu." Mimi naumwa mgongo huu mwaka wa sita, na maneno hayo nimeyasikia. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Jueni basi ya kuwa maumivu hayo ni ya kweli. Yakipita miezi 3, madaktari huyaita ya kudumu. Mara nyingine jeraha limekwisha kupona, lakini ubongo na mishipa ya fahamu havijatulia. Ni kama mbwa anayebweka usiku kucha, na mwizi amekwisha kwenda zake. Mbwa huyo hatulizwi kwa fimbo, hufundishwa polepole.

Huko Marekani, mwezi wa Novemba 2021, idara ya serikali inayosimamia dawa iliruhusu chombo cha mafundisho hayo, kilichoitwa EaseVRx wakati huo. Ni miwani mikubwa inayofunika macho, yenye picha na sauti ndani yake. Daktari huiagiza, na mgonjwa huivaa nyumbani kila siku kwa majuma 8. Masomo ni 56, ya dakika 2 hadi 16. Hufundishwa kupumua taratibu, kulegeza mwili na kugeuza mawazo. Walijaribiwa watu 179. Katika kila 100 waliopata masomo, 66 walisema maumivu yamepungua kwa zaidi ya asilimia 30. Kwa wenzao waliovaa miwani isiyo na masomo hayo, walikuwa 41. Basi si muujiza, lakini ni msaada.

Je, sisi tusio na miwani hiyo? Pumzi haiuzwi dukani. Mimi hulima matuta machache, hupumzika kabla maumivu hayajanishinda, kisha huendelea. Wala silali kutwa, maana kulala kutwa hukaza mwili. Haba na haba hujaza kibaba.

Lakini angalieni: mgongo ukiuma pamoja na homa, au miguu ikifa ganzi na kulegea, au mkojo ukizuilika au kutoka wenyewe, msingoje. Nendeni hospitali upesi.

Nanyi mlio wazima, msimwulize mgonjwa kidonda chake kiko wapi. Mpokeeni ndoo ya maji, na kazi anayoiweza mwachieni aifanye.