Moshi Unaotumwa Kazi

Katika kitivo chetu, mtu akitaja Kiswahili cha garaji, jibu linajulikana: hicho ni Kifaransa kilichovikwa viambishi. Ushahidi upo. Motere, eshapema, kolektere, silensie, tirbo: orodha ya namna hiyo inajaza kurasa za memwari bila shida, na mwandishi anahitimisha kwamba lugha yetu haiwezi kubeba ufundi. Nataka kupinga hitimisho hilo kwa kufuata kazi moja tu, ile ya kubadilisha eshapema ya gari linaloongezewa tirbo. Niliifuata wakati wa likizo, daftari mkononi, katika garaji ya hapa Lubumbashi ambako mdogo wangu anajifunza kazi.

Gari lenyewe ni Toyota Land Cruiser yenye motere ya 1HZ: mitungi sita, lita 4.2, inatumia mazutu, na haina tirbo tangu kiwandani. Motere hiyo inasifiwa kwa uvumilivu, lakini ikibeba mzigo mlimani inachoka. Sababu mojawapo ni mahali tunapokaa. Lubumbashi iko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya pwani kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Motere ikivuta hewa haba, mazutu hayaungui yote, na moshi mweusi unatoka. Tirbo ni pampu inayosindilia hewa ndani ya mitungi. Wazo hilo si geni: mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipata hataza yake mwaka 1905.

Pampu hiyo inazungushwa na moshi wenyewe. Ndani ya tirbo kuna magurudumu mawili madogo yenye mapanga, yaliyofungwa kwenye ekseli moja. Moshi unaotoka kwenye motere unalipiga la kwanza. La kwanza linalizungusha la pili. La pili linasukuma hewa mpya. Mzunguko wake unaweza kupita mara 100,000 kwa dakika. Ndiyo maana haiwezekani kuongeza tirbo na kuiacha eshapema kama ilivyokuwa. Tirbo inakaa katikati ya njia ya moshi, na kuanzia siku hiyo njia hiyo ina sehemu mbili zenye sheria mbili zinazopingana. Fundi mkuu, ambaye kila mtu pale anamwita Papa, alizieleza kwa sentensi moja: «Mbele ya tirbo moshi ibanwe, nyuma ya tirbo iachiliwe.»

Mbele ya tirbo, kolektere ya kiwandani inatolewa na nyingine inafungwa, ya chuma kinene, yenye mdomo wa kushikia tirbo. Njia zake ni fupi na hazipanuliwi ovyo, kwa sababu moshi ukipata nafasi kubwa unapoa na kupunguza mwendo, na gurudumu linachelewa kuamka. Nyuma ya tirbo mambo yanageuka. Gurudumu linaishi kwa tofauti ya kani kati ya upande moshi unakoingilia na upande unakotokea. Kila kinachouzuia moshi baada ya hapo kinapunguza tofauti hiyo. Basi bomba jembamba linaondolewa na pana linawekwa. Hapa kuna hesabu inayowashangaza wateja. Ukitoka bomba la inchi 2 kwenda la inchi 3, kwa macho umeongeza nusu tu. Lakini eneo la njia limekuwa mara mbili na robo ya lile la kwanza, kwa kuwa linafuata mraba wa kipenyo.

Upana peke yake hautoshi. Bomba likikunjwa likiwa tupu, kona inabonyea na njia inabanika palepale. Kwa hiyo vijana wanalijaza mchanga mkavu, wanaziba ncha zote mbili, wanalipasha moto na kulipinda taratibu. Kona inabaki na uwazi wake. Kisha wanaweka kipande kinachonyumbulika, kwa sababu motere inatikisika na bomba lililokazwa pande zote litapasuka. Bomba linapitishwa mbali na mipira ya mazutu na mabomba ya breki; pasipo nafasi, bati la kukinga joto linawekwa. Mwisho, kipimo cha joto kinachomekwa mbele ya tirbo. Pistoni ni za alumini, na alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660. Moshi usiopata njia nzuri unabaki na joto lake ndani ya mitungi, na dereva anayeongeza mazutu bila kuangalia kipimo anaweza kuiua motere siku hiyohiyo.

Jioni nilipanga maneno ya daftari langu katika safu mbili. Safu ya nomino ilijaa Kifaransa, kama walimu wetu wasemavyo. Safu ya vitenzi haikuwa na Kifaransa hata kimoja: kubana, kuachilia, kusukuma, kuvuta, kuziba, kuzibua, kupoa, kupinda, kunyumbulika. Maelezo yote ya Papa yalisimama juu ya safu hii ya pili. Tazama kuzunguka, kuzungusha, kuzungushwa: shina moja linasema nani anatenda, nani anatendewa, na nguvu inatoka wapi. Mwanafunzi aliyeshika viambishi hivyo vitatu ameshika tirbo nzima. Kuziba na kuzibua vinampa tatizo na dawa yake kwa tofauti ya silabi moja.

Nomino ile ya mkopo, kinyume chake, inapotosha kidogo. Échappement inatokana na kitenzi cha kutoroka, ambacho wanaisimu wanakirudisha hadi kwenye neno la Kilatini cha watu lenye maana ya kulivua joho na kumwachia mshikaji. Kwa Kifaransa, basi, moshi ni mtoro. Nilipomweleza Papa hayo alicheka, akasema: «Hapa moshi haitorokake bule. Tunaitumaka kwanza kazi.» Wanafunzi wenzangu wataitambua -ka ya mazoea, ambayo Kiswahili sanifu hakina na ambayo ina ndugu zake katika lugha nyingi za Kibantu. Papa hakuwa akisimulia gari moja; kwa kiambishi hicho alikuwa akitaja kanuni ya kazi.

Sidai kwamba nomino za mkopo zifukuzwe. Mtu anayeagiza kipuri dukani anahitaji neno lililoandikwa kwenye boksi. Ninachodai ni kwamba ukopaji wa majina si ukopaji wa elimu, na kwamba tukihesabu majina tu tunapima ganda na kuacha kiini.

Jambo hili si la darasani tu. Mwaka jana, shule ya ufundi anayosoma mdogo wangu ilitoa mtihani wenye swali hilohilo, kwa Kifaransa: kwa nini eshapema hubadilishwa gari linapowekewa tirbo? Aliandika mistari miwili, akapata sifuri. Nilipomuuliza nyumbani alinijibu bila kusita: «Yaya, moshi ikibanwa nyuma, tirbo haina kitu ya kusukuma, na moto inarudia pistoni.» Hilo ni jibu kamili. Amerudishwa darasa, na ada ya mwaka wa pili mama ameilipa kwa kuuza unga sokoni. Katiba yetu ya mwaka 2006 inataja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa na kuipa Dola wajibu wa kuziendeleza bila ubaguzi. Pale kwenye karatasi ya mtihani, wajibu huo haukufika.

Ombi langu kwa kitivo ni dogo. Memwari zinazohusu lugha ya kazi ziandike vitenzi pamoja na majina: kila kitenzi na viambishi vyake, nani anatenda, kitu gani kinatendewa, na sentensi ya fundi mwenyewe. Kutoka humo tuchape kijitabu na kukipeleka kwa walimu wa shule za ufundi, ili anayejibu kwa Kiswahili asomwe kabla ya kuhukumiwa. Mimi nimeanza na tirbo na eshapema; breki na umeme wa gari bado havina mtu. Vijana hawa ndio wanaopitisha bomba la moto karibu na mpira wa mazutu wa gari litakalobeba familia hadi Kasumbalesa au Likasi. Ni muhimu kwa abiria wote kwamba kanuni ya kazi iwafikie katika lugha wanayofikiria nayo.