Testi Kigeugeu Ilivyonibadilisha

Kwa miaka mingi niliamini kwamba hifadhidata hurudisha rekodi kwa mpangilio zilivyoingizwa. Ukiingiza Asha, Juma na Neema, utakapouliza utawapata Asha, Juma na Neema. Nilikuwa nikiyaona hayo kila siku kwenye kompyuta yangu, nami sikuwa na sababu ya kutia shaka.

Imani hiyo ilivunjwa na testi moja ya mfumo wa SACCOS, iliyokuwa ikikagua orodha ya amana za wanachama. Mara nyingi ilipita. Siku nyingine ilifeli bila mtu kugusa chochote, na desturi ya kazini ilikuwa kuiendesha tena mpaka ipite.

Nilipoketi kuichunguza, nilikuta kwamba SQL iko wazi kabisa: usipoandika ORDER BY, huna ahadi yoyote ya mpangilio. Tulikuwa tunatumia PostgreSQL. Humo, rekodi ikihaririwa haifutwi na kuandikwa palepale. Toleo jipya huwekwa penye nafasi, na la zamani hubaki likisubiri kusafishwa. Sahihisha namba ya simu ya Asha tu, na Asha anaweza kuibuka mwisho wa orodha. Tena, tangu toleo la 8.3 la mwaka 2008, jedwali kubwa linaweza kuanza kusomwa katikati ikiwa kuna mwingine anayelisoma wakati huohuo, ili diski isisomwe mara mbili.

Tukapanga kwa tarehe. Testi bado ikayumba, ila kwa nadra, na hapo ndipo nilipolielewa jambo lenyewe. Amana mbili zinaweza kuwa na tarehe moja, na kati ya hizo hifadhidata huchagua itakavyo. Orodha yetu ilionyeshwa kwa kurasa za amana 20, kila ukurasa ukiulizwa peke yake. Kwa hiyo amana moja iliweza kutokea ukurasa wa kwanza na wa pili, na nyingine isionekane popote. Fikiria mama aliyeweka akiba yake, anafungua taarifa na haioni! Testi ilikuwa inamtetea huyo, nasi tulikuwa tunainyamazisha.

Tiba ilikuwa fupi: panga kwa tarehe, kisha kwa namba ya rekodi, ambayo haijirudii. Pale mpangilio usipomhusu mtumiaji, sasa testi zetu hulinganisha yaliyomo tu, bila kujali nani katangulia.

Siku hizi navuruga mpangilio kwa makusudi. SQLite ina amri ya PRAGMA reverse_unordered_selects, inayogeuza majibu yasiyoombewa ORDER BY ili kasoro zijitokeze mapema. Lugha ya Go nayo, tangu toleo la 1 mwaka 2012, hupitia ramani zake (map) kwa mfuatano usiotabirika, mtu asije akautegemea. Naona huo ni uungwana mkubwa kwa mwandishi wa programu.

Nawe mwenzangu, ukiwa na testi inayofeli leo na kupita kesho, usiiendeshe tena kwanza. Fungua swali lake la SQL, uone kama mpangilio umeombwa, na kama rekodi mbili zinaweza kufungana.