Bawabu Naye ni Mlezi

Mtu akitaja Chuo Kikuu chetu cha Kisangani, kilichoanzishwa na ndugu zetu Waprotestanti mwaka 1963 na kupewa jina lake la sasa mwaka 1981, mara twawafikiri maprofesa na vitabu vyao. Si vibaya. Lakini mwanafunzi mpya hakutani kwanza na profesa. Hukutana na bawabu, kisha na karani wa kuandikisha majina, kisha na mama afagiaye ukumbi. Hao hawafundishi somo lolote, lakini ndio wanaomwonyesha kwamba amefika kwao au amefika ugenini.

Sisi makatekista twawaona vijana hao parokiani. Huyu ametoka Bunia na asema Kiswahili, yule ametoka Buta na asema Lingala, mwingine amevuka mto kwa mtumbwi toka Lubunga. Kifaransa cha ofisini huwatisha wote. Fedha walizo nazo wazazi wamezipata kwa kuuza mpunga na mbuzi. Basi kijana akijibiwa kwa ukali dirishani, "Rudi kesho," na kesho yake tena, "Rudi kesho," fedha zaishia katika chakula, naye aweza kurudi kijijini kabla ya kuanza. Hasara hiyo haionekani katika daftari la chuo, maana jina lake halikuandikwa humo.

Lakini karani akimwambia kwa lugha aijuayo, "Mwanangu, karatasi hii haina muhuri, nenda nyumba ile, kisha urudi kwangu," kijana apata nguvu. Maneno hayo machache yameokoa mwaka mzima.

Tulipokuwa seminarini tulimjua mpishi mmoja mzee. Kilatini hakukijua hata neno. Lakini mwanafunzi akiacha chakula siku mbili, yeye alijua kabla ya mapadri. Humwuliza polepole, "Mwanangu, una homa, au umepata barua mbaya toka nyumbani?" Wakubwa wetu walikuwa na hekima ya kumsikiliza mzee huyo, na baadhi yetu walibaki masomoni kwa ajili yake.

Kanisa nalo latupa mfano. Mtakatifu Alphonsus Rodriguez alikuwa mfanyabiashara wa Hispania aliyefiwa na mke na watoto. Akawa bruda wa Wajesuiti, akawekwa mlangoni pa chuo chao katika mji wa Palma, akafungua mlango huo miaka mingi. Mwaka 1605 alifika pale mwanafunzi mmoja, Petro Claver. Huyo alipenda kuongea na bawabu, na bawabu ndiye aliyemhimiza aende Amerika. Petro akaenda, akawatumikia watumwa Waafrika huko Cartagena mpaka kufa kwake mwaka 1654. Mwaka 1888 Papa Leo XIII aliwatangaza wote wawili kuwa watakatifu siku moja, bawabu na mwanafunzi wake.

Yafaa tuseme na neno la haki. Mishahara ya watumishi wa vyuo katika nchi yetu ni midogo, tena mara nyingi huchelewa. Mwenye njaa hujaribiwa kudai matabishi kabla ya kufungua dirisha. Matabishi ni mabaya, maana yamfungia maskini mlango. Lakini katekisimu yatufundisha pia kwamba kumnyima mfanyakazi mshahara wake ni dhambi inayolilia mbinguni. Tusikemee kosa la kwanza na kunyamazia la pili.

Basi, ninyi wazazi, mtoto wenu akienda chuoni, mwambieni amsalimu bawabu kama baba na mwenye kufagia kama mama. Nanyi wakubwa wa vyuo, mnapokutana kupanga mambo ya mwaka, waiteni na hao. Waulizeni ni nani aliyelia nje ya ofisi, na ni nani aliyelala barazani kwa kukosa nyumba. Hao wamewaona, nao watawaambia.