Miligramu 15, si 50

Homa ya uti wa mgongo iliniachia uhai, ikaondoka na masikio. Nilikuwa kidato cha tatu. Nikajifunza kusoma midomo, nikafaulu, nikachaguliwa kusomea famasia, na chuoni niliishi kwa kuwahi kiti cha mbele na kuazima madaftari ya wenzangu. Vyuo vilipofunguliwa tena Juni 2020 baada ya kufungwa kwa ajili ya korona, barakoa zikafunika midomo. Baadhi ya mihadhara ikawekwa kwenye video, na ofisini nikaambiwa nishukuru: sasa nitaweza kurudia mara kumi. Nirudie nini?

Nikawasha manukuu yanayoandikwa na kompyuta yenyewe. Afadhali yasingekuwepo. Mhadhiri anataja kwa Kiingereza miligramu 15, skrini inaandika 50. Na midomoni namba hizo hufanana, kwa hiyo sikuwa na pa kuhakikishia. Tena wahadhiri wetu wakifika penye uzito huhamia Kiswahili. "Hapa shikeni vizuri, mtihani unapenda hapa," na mtambo uliotegwa kwa Kiingereza unamwaga maneno ya ajabu.

Aliyeniokoa ni mwenzangu wa chumba hosteli. Alipakua faili la manukuu akaanza kulisahihisha: namba ya kipande, muda wa kuanza, muda wa kuisha, kisha maneno, yasizidi mistari miwili. Mhadhara wa saa moja ulimmalizia jioni nzima, na bando. Wengine wakajiunga, wakagawana vipande. Sikutarajia kwamba nao wangefaidi. Waliotoka shule ambazo Kiingereza kiliishia ubaoni waliyatumia kuliko mimi. Wengine walijisomea kwenye daladala bila hedifoni.

Tulipokiomba chuo kigharamie manukuu, kilisema hakuna bajeti. Lakini Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ipo nchini tangu 2010. Nami nilishasoma kwamba mwaka 2015 Chama cha Taifa cha Viziwi cha Marekani kilivishtaki Harvard na MIT kwa video zisizo na manukuu sahihi, vyuo visivyojua njaa, kwa hiyo hadithi ya umaskini sikuimeza yote. Mkuu wa idara alikubali jambo moja, dogo lakini la maana: kila mhadhiri apitie manukuu yake kabla ya kupandisha video.

Nilihitimu. Wadogo zetu wanaendelea na kazi ile, isipokuwa video za anatomia bado zinawatoa jasho. Mhadhiri husema "hiki kinaungana na hiki" huku akielekeza kidole, na anayeandika sharti ajue ni mshipa upi.