Kifuniko Kilichogoma

Dodoso langu la utafiti lilikuwa na visanduku viwili kwa kila pampu ya mkono: inafanya kazi, haifanyi kazi. Nilizunguka nalo vijiji vya Mbulu na Hanang nyuma ya bodaboda, nikiweka alama ya vema upande mmoja au mwingine. Pampu ninayotaka kuieleza niliiwekea alama upande wa pili, na ingekuwa imeishia hapo kama siku ile nisingekuta watu wanaing'oa.

Ilikuwa kwenye kijiji kimoja kati ya Haydom na Basotu. Ni aina ya India Mark II, ile ya mpini mrefu wa chuma iliyobuniwa India miaka ya 1970 na kuenea nchi nyingi za Afrika. Chini kabisa, ndani ya kisima, huning'inia silinda, na ndani ya silinda kuna pistoni yenye vikombe vya mpira vinavyopandisha maji. Silinda hiyo ni nene kuliko mabomba yanayoishikilia. Ukitaka kuifikia, huna budi kutoa mabomba yote, moja baada ya jingine, kila moja mita 3.

Yalitoka 11. La mwisho lilikuwa limeliwa hadi unaona mwanga upande wa pili. Silinda yenyewe ilikuwa nzima. Fundi aliyeletwa kutoka Katesh aliifungua, akatoa pistoni, akaiweka kwenye kipande cha khanga. Kikabaki kifuniko cha juu cha silinda, kimeng'ang'ania mdomo wa lile bomba bovu. Bomba lingekufa na hakuna ambaye angelililia. Kifuniko ndicho hakikuwa na mwenzake katika duka lolote tulilopiga simu, Haydom wala Mbulu mjini.

Mabomba haya hupakwa zinki ili yasishike kutu. Lakini meno ya kufungia, ile mistari inayozunguka mdomo wa bomba, kwa kawaida hukatwa baada ya kupaka, kwa hiyo hapo chuma hubaki kitupu. Kutu nayo hudai nafasi zaidi ya mara mbili ya chuma ilichokila. Katikati ya jino na jino hakuna nafasi hiyo, basi inajibana hadi vipande viwili vinakuwa kama kimoja.

Vijana walikuja na spana mbili za bomba, wakachomeka kipande cha mita moja na nusu kwenye mpini wa mojawapo kurefusha nguvu. Watatu wakaning'inia. Bomba bovu likajisokota kama nguo inayokamuliwa. Kifuniko hakikutikisika.

"Acheni," fundi akasema. "Kitakachofuata kupasuka ni kifuniko."

Akakilaza, akamwagia dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa, akawa anakigonga taratibu kukizunguka, nyundo ndogo, bila hasira. Mtikisiko hufungua njia, mafuta yakaingia. Akakiacha kilale hivyo hadi asubuhi.

Asubuhi akaazima jiko la mkaa kwa mama wa maandazi. Kifuniko kiko nje na bomba liko ndani, akatueleza. Cha nje kikipata moto kwanza kitatanuka kwanza, na upenyo wa unywele tu unatosha. Kilipopata moto akagusisha mshumaa kwenye maungio, nta ikanywewa kuelekea ndani. Akajaribu kukaza kidogo kabla ya kulegeza, kuivunja ile kutu kwa upande ambao haikutegemea. Wapi! Kijana mmoja akanyanyua ndoo ya maji akipoze haraka ili kishtuke. Fundi akamdaka mkono. Kifuniko kile ni chuma cha kusubu, na chuma cha kusubu chenye moto ukikimwagia maji baridi hupasuka.

Ikabaki njia moja: kukata bomba karibu na kifuniko, kisha kuupasua kwa msumeno, kutokea ndani, ule mzizi uliosalia. Msumeno ukizidi kidogo unakula meno ya kifuniko, na kazi imeisha.

Mweka hazina wa kamati ya maji, mama wa makamo, alikuwa amekaa juu ya jiwe na daftari lake. Ndimo zilimoandikwa shilingi za kila ndoo.

"Fundi, ukikiharibu, hela ninayo ya kununua kingine?"

"Huna, mama."

"Na usipokata?"

"Kitabaki hivi hivi."

Akatazama upande wa lambo, ambako wiki zote hizo walikuwa wakiteka maji pamoja na ng'ombe. Akafunga daftari.

"Kata. Ila kata wewe mwenyewe, si hawa watoto."

Fundi akatoa wembe wa msumeno kwenye fremu yake, akaufunga kitambaa upande mmoja, akaanza. Unga wa chuma ulitoka unang'aa. Ulipogeuka kahawia, akaacha: amefika kwenye kutu, na nyuma ya kutu ni meno. Akakata mfereji wa pili upana wa kidole kutoka wa kwanza. Kisha tindo, mapigo manne, kile kipande kikaangukia ndani, na mzizi uliobaki ukalegea ukatoka kama ganda la muwa. Jino moja la kifuniko lilikuwa na mkwaruzo. "Katani italiziba," akasema.

Darasani tunajadili uendelevu wa miradi ya maji: nani mmiliki, nani mchangiaji, chombo gani cha jamii kinasimamia. Yote ni ya msingi, na mweka hazina yule ni ushahidi. Ila sikuwahi kusikia swali la kama kitu kilifungwa kwa namna ambayo mtu mwingine ataweza kukifungua. Aliyeifunga pampu ile mara ya kwanza alikuwa anawaza kuvuja tu. Alikaza meno makavu, akaondoka. Deni lake lililipwa na watu waliokuwa wakichota lamboni.

Fundi alisugua meno yote 11 ya mabomba mazima na jipya kwa brashi ya waya, akayapaka grisi, akazungusha katani, akakaza, akaacha kabla mkono haujachoka. Maji yalipotoka, mwanzo yakiwa na rangi ya kutu, mweka hazina hakwenda kuyaonja. Alikuwa anamuuliza fundi herufi za neno "grisi", aliandike daftarini pamoja na tarehe, ili fundi atakayekuja ajue.